Wimbo wa Kusuka Maziwa

Mama Daforoza,

Ulizikwa Jumanne na mimi nilifika kambini Ijumaa. Nakwambia mwanzo kabisa, usije ukasikia kwa wengine kwamba nilikuwepo. Watu wa kule wamekuwa na huruma siku hizi, kila mtu wanamhesabu kuwa alikuwepo. Mimi sikuwepo. Nilikuwa Kigoma mjini, nimeketi gatini na kinasa sauti magotini, nasubiri meli ambayo ilikuwa haijafika, ndipo ujumbe wa binti yako Gaudensia uliponikuta.

Binti yako alinipeleka kaburini. Uko safu ya mwisho, upande wa mikaratusi, pale ambapo ardhi ina kokoto na wachimbaji hulalamika. Msalaba wako ni mbao za kitanda. Jina limeandikwa kwa rangi ya buluu, kwa herufi kubwa, na herufi ya mwisho imebanwa kwa sababu nafasi iliisha. Nilisimama kwa muda ambao mtu husimama. Dua zangu unajua ni za upande mwingine, lakini niliinua mikono, na Gaudensia akasubiri mpaka nilipoishusha.

Mengi yamebadilika tangu hapo, na yote ni ya aina moja: vitu vinaondolewa. Malori ya kuwarudisha watu Burundi yanaondoka mara mbili kwa wiki. Nyumba ikiachwa hubomolewa siku hiyo hiyo asije akaingia mwingine. Watu wanaondoka na milango yao. Wako nao umeng'olewa, Gaudensia ameufunga kwa kamba ya katani pamoja na masufuria. "Nyumba nitajenga, baba," aliniambia, "mlango ninao tayari."

Niliandika habari za kuja kwenu, nikaandika za kukaa kwenu, sasa naandika za kuondoka kwenu. Nikizisoma pamoja naona maneno ni yale yale, nimegeuza tu upande ambao malori yanaelekea. Nimechoka, Mama. Si uchovu wa kulalamikia. Ni ule wa kusikia swali langu mwenyewe likitoka mdomoni kabla sijalifikiria.

Lakini si malori yaliyonifanya nikae niandike. Ni wimbo wako.

Kabla watu hawajatawanyika, makanisa ya kambini yalikubaliana kukusanya nyimbo zote za sifa zilizoimbwa pale miaka hiyo yote, zitolewe katika kitabu kimoja kidogo, na kila familia iondoke na nakala. Mzee Elia aliwekwa mwenyekiti wa kamati. Yule wa kuvaa koti hata mchana wa kiangazi, ambaye ulikuwa ukisema akitaka kucheka lazima kwanza aangalie kama kuna mtu nyuma yake. Akaweka sharti. Kila wimbo ujulikane umetoka wapi: nani aliuleta, sauti yake ilikuwa ya nini kabla ya kuingia kanisani, na maneno yake yana maana gani. Wimbo usio na asili hauingii.

Unajua kwa nini. Ulikuwepo ile Jumapili vijana walipoimba wimbo mpya wa kumsifu Bwana, mzuri, wa makofi, na mwanamume mmoja katikati ya kanisa akasimama, akatoka nje. Sauti ile alikuwa ameisikia kwao kwenye mikutano ya chama, wiki ile ile ndugu zake walipouawa. Aliyeugeuza kuwa wa kanisa alikuwa amebadilisha jina tu. Palipokuwa na jina la kiongozi akaweka la Mungu. Vijana wenyewe hawakujua, wengi wao walikulia kambini. Baada ya siku ile watu walikaa ibadani wakiusikiliza kila wimbo kwa shaka, kama mtu anayenusa chakula kabla ya kula. Kwa hiyo sharti la Mzee Elia halikuwa ukorofi. Sikulipinga wakati ule na silipingi sasa.

Wimbo wako ulikuwa namba arobaini na moja kwenye orodha. Uliimbwa kwenye ubatizo, kwenye harusi, na siku ambazo mgawo wa chakula uliwahi. Nauandika hapa kwa Kiswahili, kama mlivyouimba mbele ya wageni:

Wewe uliyetufikisha,
hatuna kikombe cha kukupa,
pokea sauti.

Kisha kimya. Kwaya nzima imeinamia upande mmoja, hesabu ya moja mpaka nne, halafu inarudi upande wa pili na ubeti mwingine unaanza. Katekista alifundisha kwamba kimya kile ni cha kumpisha Roho Mtakatifu. Na asili ya wimbo ilijulikana, au watu walidhani inajulikana. Daforoza aliota. Malaika alimwimbia njiani alipokuwa anakimbia, akaamka anaujua wote.

Mimi peke yangu nilikuwa na kaseti iliyosema vingine.

Siku niliyoirekodi nilikuja kutafuta dakika tatu za kipindi cha dini, nikakaa saa mbili. Ulinipokea mlangoni: "Karibu Bwana Redio. Leo umekuja na masikio, au ni hiyo mashine tu?" Ukaniuliza kama kwetu Ujiji tunaimba. Nikakwambia tunaimba kaswida, hasa kwenye maulidi. Ukasema, "Mnaswali mara tano kwa siku, na nyimbo mnazipatia saa ngapi?" Ukacheka peke yako mpaka ukakohoa.

Nilipokuuliza sauti ya wimbo ule uliitoa wapi, ulichukua dumu la lita tano, ukatia maji nusu, ukafunga kifuniko, ukalilaza mapajani, ukaanza kulisukuma mbele na kulirudisha nyuma. Chwaa. Chwaa. Ukaanza kuimba juu yake, na wimbo ukakaa sawasawa, kila neno mahali pake.

"Hii ni ya mama yangu," ulisema. "Kwetu maziwa tunayasuka kwenye igisabo, kibuyu kikubwa hivi, tumbo lake kama la mjamzito. Huwezi kukisuka kimya, mkono utachoka. Kwa hiyo unamsifu ng'ombe. Unamwambia wewe mwenye pembe nzuri, wewe uliyetujazia, watoto wametakata ngozi."

Nikauliza kuhusu kile kimya. Hapo ulicheka mpaka ukaweka dumu chini. "Roho Mtakatifu! Unasimama usikilize kama siagi imeshikana, Bwana Redio. Ikishikana, sauti inakuwa nzito. Katekista hajawahi kusuka maziwa, mwache."

Na ndoto? Ulisema hukuota. "Kuna mtu alisema kanisani kwamba nimeota. Nilinyamaza. Jumapili iliyofuata habari hiyo ilikuwa imeshakua kunizidi." Ukaniomba nisiitangaze ukiwa hai. Niliahidi, na kaseti ikakaa kwenye droo yangu hapa Mwanga hadi ulipokufa.

Mzee Elia alijua nimekurekodi, kwa hiyo kamati ikaniita. Asubuhi ya kikao Gaudensia alinisubiri bombani, wanawe wawili wakijaza ndoo. Akanipa shikamoo yake, nikaitikia, akaniuliza bila kuzunguka: "Utasema nini mle?"

Nikamjibu nitasema alichoniambia mama yake.

"Baba, sema aliota. Kila mtu anajua aliota. Mama hana nyumba, hana shamba, kaburi lenyewe tunaliacha na kokoto zake. Amebaki kwenye ule wimbo tu. Ukiuondoa, umemwondoa."

Nilimwambia siwezi kusema jambo ninalojua si kweli, na kwamba mama yake hakuwa mtu wa kuhitaji kutetewa kwa uongo. Lilikuwa jibu zuri. Nimekuwa na majibu mazuri ya namna hiyo kwa miaka thelathini.

Walikaa watu kumi na mmoja kwenye mabenchi ya darasa. Nikaweka kaseti mezani, nikabonyeza. Maji yakasikika kwenye dumu, kisha wewe. Wazee wawili walianza kuyumba bila kujitambua. Ulipofika kwa katekista, mtu alicheka, na katekista mwenyewe akaanza kukagua kucha zake. Baada ya pale nikaizima. Niliona tumeshapata tulichokitaka.

Mzee Elia akasema, "Kwa hiyo huu ni wimbo wa ng'ombe."

Nikasema sauti yake ilikuwa ya ng'ombe.

"Mwandishi, mimi nina watu wa kuwajibu. Kule nyumbani wataniuliza, Elia, miaka yote ile mlikuwa mnamsifu nani? Niwaambie nini? Ng'ombe?"

Mzee mmoja akasema afadhali ng'ombe kuliko chama. Watu wakacheka, lakini si kwa moyo. Wakapiga kura. Mikono sita ilitaka utoke, mitano ibaki. Mama mmoja alinyoosha mkono wa kuutoa bila kuinua macho, na mkono wake ndio uliotosha. Mzee Elia akakata namba arobaini na moja kwa kalamu nyekundu, akaandika hapo wimbo mwingine, akaniambia asante kwa ukweli wako. Alisema kwa heshima. Nilipotoka nje Gaudensia alikuwa ameshaondoka, na kwa wiki mbili hakupokea salamu zangu.

Njiani kurudi Kigoma nilikumbuka kitu ambacho kilipaswa kunijia nikiwa mle ndani. Bibi yangu, kule Kasingirima, Ujiji, alikuwa mtengenezaji wa mawese. Wanawake watatu walitwanga chikichi kwenye kinu kimoja kwa zamu, na mdundo wa ile michi mitatu ndio mdundo wa kaswida moja tunayoipiga kwa dufu kila maulidi. Bibi alikuwa akitueleza hivyo waziwazi, tambuu mdomoni, na hakuna shekhe aliyekosa usingizi. Nimeisikia kaswida ile tangu utoto na sijawahi kuidai asili yake. Sisi tulikuwa nyumbani. Nadhani tofauti ni hiyo tu. Aliye nyumbani haulizwi kitambulisho, wala nyimbo zake haziulizwi. Nyinyi mliulizwa kadi kwenye maji, kwenye chakula, kwenye dawa, na mwishowe mkaanza kuulizana wenyewe.

Haya ningeweza kuyasema kikaoni. Hayakunijia. Nilikuwa nimekwenda kutoa ushahidi, na ushahidi wangu ulikuwa safi.

Wiki ya tatu nilirudi kambini kuhesabu malori, kama kawaida. Gaudensia alinifuata mwenyewe. Hakunisalimia. Alisema, "Baba, uliuliza mama peke yake. Mimi uliniuliza?"

Mama Daforoza, nimewafundisha vijana wengi kazi hii. Kitu cha kwanza ninachowaambia ni kwamba mtu mmoja hatoshi, hata akiwa mkweli. Nilisimama pale jua la saa sita nikaona nimefanya kosa ambalo ningemfokea mwanafunzi.

Tukakaa kwenye mbao zilizokuwa ukuta wa jirani yako. Akanieleza. Alikuwa na miaka saba mlipokimbia. Baba yake alikuwa ameuawa juzi yake. Mlikuwa kundi la watu kama ishirini, mkipita kando ya ziwa kwenye matete, siku mbili, kuelekea mpaka. Mdogo wake, Melkiori, ulikuwa umemfunga mgongoni, wa miezi mitano, na alikuwa anakohoa na kulia. Mtu mmoja kwenye kundi akakwambia umwache mtoto, au ubaki nyuma naye, kwa sababu atawaua wote. Hukumwacha wala hukubaki. Ulianza kumtikisa mgongoni, mbele na nyuma, pole pole, kwa ule mwendo wa kibuyu, na kooni ukawa na ile sauti ya mama yako bila maneno, chini kabisa, kama mtu anayesafisha koo. Kila baada ya hatua kadhaa ulisimama. Gaudensia alikushika sketi, kwa hiyo kila uliposimama naye alisimama. Ulikuwa unageuza shingo usikilize kama anapumua.

Siku mbili.

Mlipofika Kagunga, upande wa huku wa mpaka, mchangani, mbele ya wavuvi na watu waliotangulia, ulifungua kitenge. Hakuna aliyesogea. Mtoto alikuwa amelegea kabisa. Kisha akapiga chafya. Gaudensia anasema hapo ndipo maneno yalipokutoka, ukiwa umepiga magoti, kwenye sauti ile ile uliyokuja nayo: wewe uliyetufikisha, hatuna kikombe cha kukupa. Wengine wakapokea. Wakauimba mpaka mashua ya kuwaleta Kigoma ilipofika, na wengi wa waliouimba siku ile walipelekwa kambi nyingine.

Nikamuuliza kwa nini hakuyasema haya kabla. "Mama alinikataza. Aliyesema mtoto aachwe tunachota naye maji bomba moja."

Nikaitoa kaseti. Nikaipeleka mbele, kupita katekista, kupita kicheko, mpaka mwisho ambao sikuwachezea kamati. Hata mimi sikuwa nimeusikiliza tangu siku ile. Sauti yako inasema, "Basi hiyo ndiyo sauti. Maneno ni habari nyingine, na hiyo ina watu wake. Siku ile mchangani..." Halafu ni mimi nakukatiza: "Mama, samahani, gari linaniacha." Kisha kitufe kinalia.

Gari lile lilikuwa linarudi na kesho yake. Gaudensia alinitazama, akasema "Mh," na kwa bahati yangu hakuongeza.

Tulimfuata Mzee Elia siku ile ile, anafunga mizigo, koti mwilini. Alisema kitabu kimeshapelekwa mjini kutolewa nakala, hakuna la kufanya. Nikamwambia ushahidi wangu ulikuwa na upungufu na nataka kuusahihisha mbele ya wale wale niliowapa. Hilo alilielewa. Akatuma watu wakaite kamati, wale waliokuwa hawajaondoka. Walikuja saba. Wengine ambao si wanakamati walijaa mlangoni, na Melkiori alikuwa miongoni mwao, ametoka kwenye kazi yake ya kutengeneza baiskeli, mikono myeusi kwa grisi. Sasa ni mrefu kuliko mlango. Hakuna aliyewahi kumwambia habari za njiani.

Nilisema langu kwa kifupi. Kwamba nilileta nusu nikaiita nzima, na kwamba nilizima kaseti kabla ya mwisho. Nikawachezea mwisho wenyewe. Kisha Gaudensia akasimama akaeleza kama alivyonieleza, bila kumtaja mtu. Aliposema "mtu mmoja kwenye kundi," alitazama dirisha.

Ndipo yule mama aliyenyoosha mkono bila kuinua macho akasimama. Jina lake siliandiki hata hapa, wewe unalijua. Alisema, "Ni mimi. Nilimwambia amweke kwenye matete. Nilikuwa na wangu watatu." Akaendelea: "Na ni mimi niliyesema kanisani kwamba Daforoza ameota. Nilidhani akiwa ameota, hakuna atakayemuuliza habari za njiani. Miaka yote hii hakunikana. Chumvi tuligawana. Chafya ya huyu kijana niliisikia kwa masikio haya, na nikauimba ule wimbo pale pale, na nikaupigia kura utoke." Akaketi.

Unaona jinsi mambo yalivyo. Nilikuwa nimejipanga kwa hoja. Nilikuwa na bibi yangu na michi yake mitatu, na Daudi aliyekuwa mchungaji kabla hajawa mfalme, nimeviandika kwenye daftari. Sikuvihitaji.

Melkiori ndiye aliyesema wa kwanza baada ya yule mama. Alitazama mikono yake, akamtazama dada yake, akasema, "Kumbe siagi ni mimi."

Mama Daforoza, walicheka. Gaudensia alicheka huku analia, yule mama alificha uso kwenye kitenge mabega yakimtikisika, na Mzee Elia alicheka kwa sauti kubwa bila kuangalia nyuma. Melkiori akaenda akapiga goti mbele ya yule mama, akampa kiwiko akishike kwa sababu viganja vilikuwa na grisi, na akamwamkia. Sikusikia walichosemezana. Sikusogea ili nisikie. Ni mara chache hilo hunitokea.

Kura haikupigwa. Mzee Elia alisema, "Niliuliza wimbo umetoka wapi. Nilipaswa kuuliza pia umepita wapi." Lakini kitabu kilikuwa kimeshatoka mikononi mwake, na kilipoletwa kutoka mjini kilikuja bila wewe. Namba arobaini na moja ni wimbo mwingine, mzuri tu, hauna kosa. Sitaki nikudanganye. Kwenye kurasa zilizopigwa chapa wimbo wako haumo.

Umo kwenye jalada la nyuma, upande wa ndani, palipokuwa peupe. Katekista aliandika beti zote nne ubaoni, akinisimamisha nimchezee kaseti kila alipokwama kwenye ubeti wa nne, ambao hakuna aliyeujua sawasawa isipokuwa wewe. Betri ziliisha mara mbili. Watu walikuja na vitabu vyao kabla ya kupanda malori, wakakaa chini darasani na kunakili kwa kalamu zao. Wasiojua kuandika waliandikiwa na watoto. Walipofika mahali pa asili ya wimbo wakauliza waandike nini. Mzee Elia akanitazama mimi. Niliandika mistari mitatu, naye akaisoma kwa sauti: "Sauti ni ya wanawake wakisuka maziwa. Maneno yalianza Kagunga, siku ya kufika. Aliyeuleta ni Daforoza." Akauliza kama kuna mwenye la kuongeza. Yule mama alisema, "Na kile kimya?" Wakabishana. Katekista bado alimtaka Roho Mtakatifu, wanawake wakataka siagi, Gaudensia akataka pumzi ya mtoto. Mwishowe waliandika: "Hapa simama usikilize," basi, bila kueleza ni nini kinachosikilizwa.

Nimefikiri sana juu ya sifa tangu hapo, kadiri uchovu unavyoniruhusu. Nilidhani kazi yangu ni kuufuata wimbo kurudi nyuma mpaka nifike ulikoanzia, kama mtu anayefuata mto. Na kweli ulianzia kwenye mkono unaochoka. Nadhani nyingi huanzia hapo, yenu na yetu. Lakini ng'ombe wa mama yako alisifiwa na watu walioshiba. Wewe ulisifu ukiwa huna kikombe. Sauti ni ile ile. Sijui jinsi ya kuliandika hilo kwa dakika tatu, na safari hii sitajaribu.

Gaudensia na Melkiori waliondoka Alhamisi. Mlango ulipanda lori kabla yao, na baiskeli ikafungwa juu yake. Yule mama alikuwa lori moja nao, amempakata mtoto mdogo wa Gaudensia. Kaburi lako nimeahidi kulipalilia, na Ijumaa mbili sasa nimekwenda, nikapata lifti ya malori yanayorudi matupu. Kokoto nimezipanga pembeni. Ile herufi iliyobanwa imeanza kufutika, nitatafuta rangi.

Kabla lori halijaondoka Gaudensia alinipa mkono. "Nikipata ng'ombe, baba, nitakuita uje uone kazi yenyewe." Nikamwambia nitakuja. Akaniuliza na gari je. Nikasema nitakuja kwa miguu yangu kutoka mpakani.

Basi kwaheri, Mama Daforoza. Sina habari nyingine. Ahadi yangu ni hii: akiniita nitakwenda bila mashine, nitakaa nilipoonyeshwa, na sitainuka mpaka binti yako atakaposema amemaliza.

Bwana Redio
Mwanga, Kigoma